Kuarifiwa si Kualikwa

Siku Bi Zeyana aliposikia kwamba kazi yake itafanywa na kompyuta, moyoni alisema alhamdulillahi, na mdomoni akasema, "Haya, tutaona."

Alikuwa amekaa kwenye kochi la Bi Bahiya, mtaa wa Hurumzi, ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na mbili kutoka mlango wa nje. Idadi yake aliijua kwa sababu kila moja ilimuuma. Wanakamati wa Jumuiya ya Tusaidiane walikuwa wamekaa duara, na mbele yao amesimama katibu wao, Mwanakheir, binti yake Bi Zeyana wa kumzaa mwenyewe, ana karatasi mkononi na jasho juu ya mdomo. Ilikuwa mwaka elfu mbili na tano. Wafadhili wa Ulaya waliokuwa wakisaidia darasa la mayatima la jumuiya walikuwa wameandika barua: chagueni chombo cha kisasa cha kuwasiliana na wanachama wenu, sisi tutakilipia mwaka mzima. Mwanakheir ndiye aliyetumwa kwenda kutafuta.

"Nimekuta vitu vitatu," alisema. "Cha kwanza tovuti. Ni kama ubao wa matangazo, lakini uko ndani ya kompyuta, mtu wa popote duniani anausoma."

"Sie tunawataka watu wa duniani au wa Kiponda?" aliuliza Bi Asila, mshika fedha, mwanamke mwembamba ambaye ulimi wake haukupata kuwekwa akiba hata siku moja.

"Cha pili ni gari la matangazo, lina vipaza sauti juu."

Bi Bahiya, mwenyekiti na mwenye nyumba, alicheka mpaka kochi likatikisika, maana Mungu alimjaalia mwili. "Gari lipite wapi, mwanangu? Vichochoro hivi punda mwenyewe anapita kwa kuomba radhi."

"Basi cha tatu ni meseji. Kompyuta inawaandikia wanachama wote mia na arubaini kwa pamoja, kila mtu inamwingia katika simu yake. Dakika moja tu."

Dakika moja! Bi Zeyana alitumia siku nne. Yeye alikuwa mwalikaji, kwa miaka thelathini na moja sasa. Palipokuwa na maulidi, harusi au kisomo, alijitanda buibui lake, akatoka nyumba hadi nyumba, akapanda, akabisha hodi, akakaa, akanywa maji, kisha ndipo akasema, "Bi fulani anakusalimu, anakuomba kwake siku kadha wa kadha." Bila ya hivyo mwanamke wa mjini hahesabu kwamba amealikwa. Atasikia habari dirishani, ataiona mizigo ya mchele ikipita, atainusa pilau yenyewe, na hatakwenda.

"Na mama yako tumtupe wapi?" aliuliza Bi Asila.

Mwanakheir aliangalia karatasi yake kama aliyetarajia jibu limeandikwa pale.

"Sikusema atupwe, Bi Asila."

"Hukusema, lakini nyanya mbovu haitupwi kwa maneno. Mtu anasomesha mtoto kwa tabu, mtoto anarudi kuja kumfukuza mama yake kazini! Hasha, mie sikubali. Zeyana hajachoka. Mtizameni, miguu ya chuma!"

Wote wakamtizama. Na hapo Bi Zeyana, ambaye usiku uliopita alilala na goti limevimba kama mkate wa boflo, akafanya upumbavu ambao hakuna mtu aliyemlazimisha kuufanya. Alicheka, akasema, "Mie? Ngazi kwangu kama mkeka. Lakini waacheni vijana wajaribu kitu chao. Mara moja tu, tuone."

Wakakubaliana. Maulidi ya jumuiya yalikuwa Jumatano ya pili ya Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, hapo hapo kwa Bi Bahiya, na watu wangeitwa kwa meseji. Bi Zeyana alikuwa wa mwisho kutoka, kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizi, akisingizia kuosha vikombe. Alingoja mpaka sauti zote ziishe chini, akashika kamba ya ukutani, akashuka kinyumenyume, ngazi moja baada ya moja.

Nyumbani kwake, mtaa wa Kiponda, nako kulikuwa na ngazi thelathini na nne, lakini hizo alizivumilia kwa sababu juu yake palikuwa na mumewe. Mzee Msabah alishona kofia. Alishinda dirishani na sindano yake, miwani imefungwa kwa uzi, na hakuna jambo la mtaa lililompita.

"Umeshuka vipi leo?" alimuuliza mkewe, akimwona anajipaka mafuta ya karafuu.

"Kama kaa."

"Na wamesemaje?"

Akamhadithia. Mzee Msabah aliweka kofia chini. "Basi si ndiyo faraja yako hiyo? Mwambie mtoto. Mwambie Bi Bahiya: magoti yangu yamekwisha, daktari amesema nisipande tena. Maneno mafupi tu."

"Wewe huyajui ya wanawake."

"Nifahamishe."

Bi Zeyana alikuwa hajapata kulisema jambo hili kwa sauti. "Mie si mtu wao, Msabah. Mie mtoto wa Kitumbatu, wa kisiwani, sina mashamba ya marehemu babu ya kuyasimulia. Nnaingia kwao kwa sababu nnabeba maneno yao. Siku nikisema siwezi, watasema masikini Zeyana, wataniletea kanga doti moja, kisha watanisahau kabla haijafuliwa. Nikikaa humu ndani, nani atapanda kuja kuniangalia?"

"Mie nimo humu."

"Wewe umo, ndiyo," alisema, na akamsogezea chupa ya mafuta ili ampake sehemu ambayo hakuifikia. "Lakini kompyuta ikinitoa, haitakuwa mimi niliyeshindwa. Watasema dunia imebadilika. Nitabaki na heshima yangu, nikae kitako."

Mzee Msabah alimpaka mafuta. Alimuoa mwanamke mwenye kiburi na alikijua tangu siku ya posa.

Wiki moja kabla ya maulidi, Bi Zeyana na bintiye walikwenda kwenye duka la kompyuta la kijana mmoja, Saud, karibu na Darajani, kupanga orodha. Saud alikuwa na shati la mikono mirefu na harufu nzuri, na alikuwa bado anamshawishi Mwanakheir achukue na tovuti.

"Inakuja na picha zinazotembea," alisema. "Na huyu bibi ndiye mjumbe wa kizamani?"

Aliuliza kana kwamba Bi Zeyana ni kabati lililoletwa dukani. Mwanakheir alikunja uso. "Huyu ni mama yangu."

"Ah! Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Bi Zeyana, kwa sauti ya kumfanya kijana avute kiti na kukipangusa.

Akaanza kuwataja wanachama kwa kichwa, mtaa kwa mtaa, na Mwanakheir akatafuta namba zao kwenye daftari. Kazi haikwenda kama walivyodhani. Wengine hawakuwa na simu, waliandikisha ya mume. Wengine waliandikisha ya mtoto aliyeko Maskati. Kila jina lilipotajwa Bi Zeyana alikuwa na la kuongeza: huyu amefiwa na mume, yumo edani, aalikwe lakini kwa salamu tu, huyu hasemezani na mkwewe, basi aambiwe mwanzo, kabla ya mkwewe, ama atasusa, huyu hasikii sikio la kushoto.

"Mama, kompyuta haina pahala pa kuandika hayo," alisema Saud.

"Haina?"

"Ina jina na namba."

Bi Zeyana akaitizama ile kompyuta. Wasiwasi ulimwingia kidogo, akaufukuza. Alitaka kitu hiki kifaulu kuliko alivyotaka jambo lolote mwaka ule. Saud mwenyewe akaandika maneno, kwa herufi kubwa, kwa sababu aliona ndiyo heshima: NDUGU MWANACHAMA, UNAARIFIWA KUWA KUTAKUWA NA MAULIDI TAREHE 20 SAA 10 JIONI HURUMZI. Akabonyeza. Dakika moja, kama ilivyosemwa, na zote mia na arubaini zikawa zimekwenda.

"Tumemaliza?" aliuliza Bi Zeyana.

"Tumemaliza, mama."

Alitoka dukani pale akitembea kama mwari.

Jumatano ile sufuria mbili za pilau zilipikwa uani kwa Bi Bahiya, za watu mia na ishirini. Mikeka ikatandikwa, ubani ukafukizwa, mahalua yakapangwa. Bi Zeyana alipanda mapema, akakaa karibu na dirisha, akasikiliza mlango wa chini. Saa kumi ikafika. Saa kumi na nusu walikuwa wamekuja watu kumi na mmoja, na sita kati yao walikuwa kamati.

"Watakuja," alisema Mwanakheir.

"Watakuja," alisema Bi Zeyana, na hakuna aliyekuwa akiomba kwa dhati kuliko yeye. Alichungulia dirishani. Ng'ambo ya kichochoro jirani mmoja, mwanachama tangu miaka kumi nyuma, alikuwa amekaa kibarazani kwake akichambua mchele, amejipamba wanja, dhahiri hana pa kwenda.

"We shoga, mbona huji?" Bi Zeyana alimwita.

"Nije wapi? Nimealikwa?"

"Hukupata meseji?"

"Nshaipata. Imenarifu." Akarusha pumba. "Kuarifiwa si kualikwa, Bi Zeyana. Mtu sijui nani, hana jina, ananipigia makelele katika simu ya mume wangu, sijui ananiita sijui ananidai. Hakuna aliyenambia nije."

Na huyo alikuwa wa afadhali. Wengine, kama ilivyokuja kubainika, waume zao walisoma "Ndugu mwanachama", na kwa vile mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi, walidhani ni mambo ya vyama, wakaifuta haraka na kuwakataza wake zao kutoka nje. Maulidi yalisomwa na watu kumi na mmoja, sauti zao zikipotea chini ya dari refu. Ilipofika wakati wa kuchangia mayatima, kombe lilizunguka likarudi jepesi. Pilau ikagaiwa msikitini, kwa majirani, kwa wapita njia, na bado Bi Bahiya na watu wake waliila mpaka Ijumaa.

Bi Zeyana alikaa pale, mikono juu ya magoti. Aliziona ngazi zote za mji zinamrudia.

Kamati ilikutana Jumamosi. Bi Asila hakungoja hata kahawa imiminwe.

"Haya! Si nilisema? Ngoma ya watoto haikeshi. Zeyana, mama, tusamehe. Wewe ndiye kompyuta yetu. Mfungo Sita una siku zaidi ya kumi bado, maulidi tunayarudia, na mara hii utatoka wewe mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kama zamani!"

Wenzake wakapiga vigelegele. Ndiyo, vigelegele, kwa furaha ya kumrejeshea mtu mateso yake. Bi Bahiya akamkumbatia. "Pole, Zeyana. Najua uliumia, hukusema tu."

"Na wewe," Bi Asila alimgeukia Mwanakheir, "iwe funzo. Radhi ya mama ni kitu kikubwa. Ulitaka kumtupa, Mungu akakuonesha. Mwandikie mfadhili kuwa hatutaki vyombo vyake, na ukatibu wenyewe tutautazama."

Mwanakheir alikunja karatasi zake, moja, mbili, akaziingiza mkobani, na Bi Zeyana akamwona anavuta pumzi kwa mdomo, kama alivyokuwa akifanya utotoni akizuia kulia mbele za watu. Msichana alikuwa amezunguka maduka wiki tatu kwa miguu. Hakuwa ametaka kumtupa mtu. Na mama yake, kwa ajili ya kulinda jina la miguu ya chuma, amekaa anamwangalia anasulubiwa.

Hapo kiburi kikamtoka Bi Zeyana, chote kwa pamoja.

"Asila," alisema, "mwache mwanangu."

"Nnamrekebisha tu..."

"Mwache. Hakunitupa. Mie ndiye niliyekuwa namwomba Mungu hiyo kompyuta ifanikiwe." Akavuta gauni mpaka juu ya magoti, mbele ya wote, nayo yalikuwa yamevimba, yanang'aa kwa mafuta. "Haya, tizameni chuma chenu. Mwaka wa pili huu nashuka kwenu kinyumenyume. Kwako wewe, Asila, Shangani, nimekaa katikati ya ngazi, mtumishi wako akanikuta, nikamwambia natengeneza kubadhi langu mguuni. Nilikuwa nalia. Siwezi tena, jamani. Nimesema uongo kwa kuona haya tu. Siwezi."

Bi Asila akapiga magoti pale pale kwenye zulia, akayagusa yale magoti kwa ncha za vidole, akasema, "Masikini mie! Na mie nikikwita kila Ijumaa kuja kunihadithia habari za mji!"

"Ukinita kweli. Na chai yako haina sukari."

Kicheko kilichotoka kilikuwa na machozi ndani yake. Bi Bahiya alijifuta kwa upande wa mtandio. "Sasa tufanye nini, Zeyana? Wewe huwezi, na hiyo meseji watu hawaitaki. Mayatima wako darasani wanangoja."

Bi Zeyana alishusha gauni lake. Tangu Jumatano alikuwa akilifikiri jambo hili, na kwa kuwa hakuwa na kitu tena cha kuficha, lilimtoka kwa wepesi.

"Chombo hakina kosa. Mlikipeleka bubu. Mtu anapoalikwa anataka kujua mambo matatu: nani kamtuma, nani katumwa, na kama atakosa nani ataumia. Chagueni hiyo hiyo meseji ya Mwanakheir, lakini maneno nitayatunga mie, na jina langu liwemo. Na wasio na simu zao wenyewe, na wagonjwa, na walio edani, hao wasiandikiwe. Hao waendewe. Ni watu thelathini na tatu, nnawajua. Nyie mko sita. Gawaneni mitaa."

"Sisi?" Bi Bahiya alishtuka. "Mie nikapande ngazi za watu? Na mwili huu?"

"Zinapandika," alisema Bi Zeyana. "Polepole."

Usiku haukuingia kabla kazi haijaanza. Mwanakheir alikaa mkekani na simu, mama yake kitandani miguu juu ya mto, na Mzee Msabah dirishani akijitia hasikii.

"Andika: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, habari za siku nyingi, wazima, watoto hawajambo, na mgonjwa wenu anaendeleaje..."

"Mama, zinaingia herufi mia na sitini tu. Salamu zako zimeshazimaliza."

"Mia na sitini! Mtu hata hajakaribishwa ndani!"

Wakabishana mpaka magharibi. Mgonjwa akatolewa, watoto wakatolewa kwa masikitiko, wabarakatuh ikaombwa radhi. Kilichobaki kilikuwa hiki: *Assalaam alaykum. Mie Zeyana niko mlangoni kwako. Bi Bahiya anakusalimu, anakuomba kwake Jumatano baada ya laasiri, maulidi. Nijibu ndipo niondoke.*

"Mbona hukai mlangoni kwa mtu?" alisema Mzee Msabah. "Si uongo huo?"

"Wewe shona kofia."

Asubuhi Saud aliituma kwa namba ya Mwanakheir, safari hii bila ya kuongeza lake. Mwanakheir alikuwa bado hajafika nyumbani, simu mkobani ikaanza kulia, ikalia tena, ikawa hainyamazi. Bi Zeyana akasomewa majibu moja moja. Nitakuja. Nitakuja na mkwe wangu, tumeshapatana. Ondoka mlangoni Bi Zeyana, utaungua na jua, nakuja. Mmoja alipiga kabisa, akalalamika: kwa nini hakupanda juu akanywa maji?

Jumatano ile mikeka haikutosha. Watu walikaa mpaka kwenye ngazi, na kombe la mayatima lilirudi likiwa limebebwa kwa mikono miwili. Bi Zeyana hakwenda. Daktari alikuwa amemkataza kupanda kwa mwezi mzima, na Bi Asila, aliyejipa kazi ya kumlinda, alisema akimwona Hurumzi atamrudisha yeye mwenyewe. Alipelekewa sahani yake ya pilau na Mwanakheir, akaila dirishani pamoja na mumewe, akifurahi. Kwa kweli alifurahi. Lakini alipomaliza aliliangalia buibui lake msumarini, na Mzee Msabah akamwona.

"Linakwita?"

"Linaniuliza mie nani sasa," alisema.

Zikapita wiki tatu. Kila Jumatatu alitunga maneno, Mwanakheir akayatuma. Wafadhili wakaandika kwamba wameridhika na wangependa kujua programu gani ya kompyuta imetumika. Magoti yakapungua uvimbe. Hakuna aliyekuja kumwangalia. Hakulaumu. Alijua kuliko mtu yeyote kwamba ngazi za mjini ni nyingi.

Alkhamisi moja baada ya adhuhuri walisikia kitu kikipanda. Si mtoto, wala si mwuza maji. Kilikuwa kizito, kikipanda ngazi tatu kisha kinakaa, kikivuta pumzi, kikimtaja Mungu, kikipanda tena. Mzee Msabah aliacha sindano hewani. Kilikaa mara nyingine, muda mrefu sana, wakadhani kimerudi.

"Hodi," ilisema sauti, haina pumzi.

"Karibu," alisema Bi Zeyana, akasimama.

Alikuwa Bi Bahiya, buibui limekwenda upande, uso umelowa. Alijibwaga kwenye kiti cha kwanza alichokiona, ambacho Mzee Msabah aliwekea kofia zake, akaletewa maji, akanywa yote, akaletewa mengine. Kisha akakaa sawasawa, akatengeneza mtandio, akakohoa, akautengeneza tena, kama mtu anayefanya kazi asiyoizoea.

"Zeyana," alisema, "mjukuu wangu anaolewa mwezi wa Mfungo Nane, siku ya Ijumaa. Bibi yake anakusalimu. Anakuomba uje."

"Nitatunga maneno leo hii," alisema Bi Zeyana. "Watu wangapi?"

"Sikuja kwa maneno. Maneno utayatunga, hayo mengine. Hapa nimekuja kwako."

Bi Zeyana alisimama pale na gilasi mkononi. Miaka thelathini na moja alikuwa akizihudhuria shughuli zote za mji, hakuikosa hata moja, kwa sababu mwalikaji huja tu. Nani atapanda kubisha mlango wa mtu anayekwenda kuwaita wengine? Alilijua jambo hili siku zote, na hakupata kulifikiri.

"Bi Bahiya, nisamehe," alisema. "Sijapata kualikwa. Anayealikwa hufanya nini?"

Bi Bahiya akafikiri, kwa kuwa aliulizwa kwa dhati.

"Anamkalisha mgeni," alisema, "na hamwachi ateremke upesi."